Kilichoingia Ndani ya Mfuko wa Aspiratere

Wengi wenu mnaofanya usafi katika nyumba za wageni na maofisi hapa Mweso mmekuwa mkinisimamisha njiani na kuniuliza: Papa Simeoni, tukitumwa kununua aspiratere, tuchukue ipi? Mnaniuliza kwa sababu mmesikia nilizeeka nikiisukuma mashine hiyo ya kuvuta vumbi katika nyumba za wazungu kule juu, upande wa Kirolirwe, tangu siku ambazo majirani waliisikia ikinguruma wakadhani tumefuga mnyama chumbani. Huwa nawajibu kwa kifupi, maana magoti yangu hayapendi kusimama. Leo nimekaa, basi kaeni na ninyi.

Rangi isiwadanganye, rangi itababuka. Kelele nazo si nguvu, debe tupu haliachi kuvuma. Weka kiganja kwenye mdomo wa mashine usikie inavyokivuta. Shika mpini, uone kama ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wako au kwa mkono wa mtu mrefu asiyefagia. Uliza waya unafika wapi. Usikubali mwuzaji aijaribu kwa majivu aliyokuja nayo, kwa kuwa majivu ni mepesi na kila mdomo unayameza. Mtandikie zulia lenye nywele za mbwa, hapo mtajuana. Lakini kabla ya hayo yote, uliza mfuko wa vumbi unafunguliwa vipi, na ufunguliwe na kufungwa mbele ya macho yako. Hilo la mfuko sikulisoma mahali. Nililijua siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilianza kazi ya nyumba nikiwa na ndevu, na bado niliitwa boyi. Aliyenifundisha, Papa Filipo, alikuwa mpishi na mkubwa wetu sisi watumishi, ana mvi, ana wajukuu, naye pia aliitwa boyi. Tulizoea, au tulijifanya tumezoea. Kisasi chetu kilikuwa kuwapa wao majina. Bwana wa nyumba tulimwita Bwana Mabuti, kwa ajili ya viatu vyake virefu ambavyo hakuvivua hata mbele ya zulia jeupe, na mpaka anarudi kwao hakuna mtu kijijini aliyemjua kwa jina lingine. Mke wake tulimwita Madamu tu. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu siku zote, na sababu ya macho yale nitaieleza.

Kabla ya mashine, kazi ilikuwa ya mikono na akili. Papa Filipo alisema vumbi halifukuzwi, linabembelezwa. Kabla ya kufagia alinyunyiza sakafuni mabaki ya kahawa iliyokwisha kuchujwa, yakiwa na unyevunyevu, ili vumbi lijishike nayo badala ya kuruka na kukaa juu ya kabati ulilolifuta sasa hivi. Mkifagia vyumba ambavyo umeme umekatika, fanyeni hivyo, mtanishukuru. Mbao za sakafu tulizipaka nta ya nyuki na kuzisugua kwa kucheza, brashi imefungwa chini ya mguu. Waliosugua kwa mguu wa kulia walichakaa upande wa kulia, wa kushoto upande wa kushoto. Mimi mpaka leo ukinitazama kwa nyuma utaona nimeegemea upande.

Mashine ya kwanza ilipofika, nilikabidhiwa mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko Papa Filipo na yeye alikataa kuigusa. Juma lile lile niliona inavyovuta, nikajisifu moyoni, nikaipeleka kwenye jiko la kuotea moto sebuleni ili ivute majivu. Kule juu ni baridi, moto hauzimiki kabisa. Kaa moja lilikuwa hai. Baada ya muda mfupi mfuko ukaanza kutoa moshi, nami nikakimbia na mashine nzima nje kuelekea birika la kunyweshea ng'ombe, waya unafuata nyuma, ng'ombe wakavunja ua na kushuka bondeni. Wachungaji walinitukana kwa lugha tatu. Papa Filipo hakunitukana, alikaa chini kwenye ngazi za jikoni akacheka mpaka wali ukaungua, na siku hiyo tulikaripiwa wawili.

Sasa nirudi kwenye macho ya Madamu. Bwana Mabuti alikuwa na ng'ombe, lakini fedha yake ilitoka kwenye piretre, yale maua meupe ya kuulia wadudu. Nyumba ya kukaushia maua ilikuwa nyuma tu ya jiko letu. Maua yakikauka yanatoa unga, na unga ule ukiingia puani ni chafya mpaka machozi. Viatu vya Bwana viliuingiza ndani kila siku, ukakaa ndani ya mazulia, na Madamu alikuwa anapiga chafya akila, akisoma, hata akisali. Ndiyo maana alitaka mashine. Umeme ulitoka kwenye turbini ndogo mtoni, na nilipowasha aspiratere taa zilififia na redio ikanyamaza katikati ya habari, lakini Madamu alisema heri kukosa habari kuliko kukosa pumzi.

Kitu ambacho kwake kilikuwa adui, kwa wake zetu kilikuwa mali. Piretre inaua chawa, inaua viroboto, inaua utitiri wa kuku. Vumbi la mfuko ule, ukilinyunyiza chini ya mkeka, mnalala kwa amani. Wanawake waliligombania mpaka wakakaribia kukosana, kwa hiyo Papa Filipo akaweka zamu: mfuko utafunguliwa Jumamosi tu, ukiwa umejaa, na kila Jumamosi unakwenda kwa nyumba moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuufungua katikati ya juma, asije akapunguza fungu la mwenzake. Madamu hakuijua sheria hiyo. Ilitufaa sana, isipokuwa juma moja.

Juma hilo binti yangu Agata alikuwa bado mchanga. Mke wangu Marta alikuwa amezaa wawili kabla yake, na wote wawili tuliwazika kabla hawajatembea. Mnaoijua habari hiyo hamhitaji maneno, na wasioijua Mungu awaepushe nayo. Marta alikuwa hamweki Agata chini bila kugeuka kumtazama. Akilala sana, anamwamsha. Akilia sana, analia naye. Mimi nilijifanya mwanaume, lakini nikiwa kazini nilikuwa nasikia kilio cha mtoto hata ndani ya mngurumo wa mashine, nazima, nasikiliza, hakuna kitu, nawasha tena.

Kwetu, kile kipande cha kitovu kinachokauka na kumtoka mtoto hakitupwi. Nyanya yake mzaa mama anakizika karibu na nyumba na kupanda mgomba juu yake, na mtoto anakua pamoja na mgomba wake. Kisipozikwa, wazee wanasema mtoto hana kinachomshika, ni mpita njia. Kikichukuliwa mbali, naye anafuata. Vitovu vya wale wawili wa kwanza vilizikwa na jirani, haraka haraka, kwa kuwa mama-mkwe wangu alikuwa anakaa Buleusa, kule Walikale, safari ya milima na msitu. Baada ya msiba wa pili alitoa neno moja tu: cha huyu atakayekuja nitakizika kwa mkono wangu. Na sasa tulikuwa tumepata habari kwamba ameshatoka Buleusa, yuko njiani kwa miguu.

Basi, mjue na jambo la pili la kwetu. Mtu na mama-mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Neno la mmoja linapita kwa mke ndipo limfikie mwingine, hata kama wote watatu wako kwenye ua mmoja. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo tuliishika kuliko amri nyingine nyingi.

Alhamisi mchana Madamu alimwita Marta apinde mapazia. Yalikuwa marefu, hayakuweza kushonewa kwetu, kwa hiyo Marta alikaa juu ya zulia la sebuleni, na Agata akalazwa pembeni yake juu ya kikwembe, ile nguo ya kujitanda. Alibadilishiwa nguo mara moja au mbili pale pale. Marta alipomaliza akaondoka, nami kama kawaida nikapitisha aspiratere kuokota nyuzi.

Ijumaa asubuhi akafika mfanyabiashara kutoka Bukavu na kamionete yake. Mashine yetu ilikuwa imechoka. Ilikuwa inakohoa kuliko Madamu. Yule bwana alikuwa ameleta mpya mbili za kuchagua, na alikubali kuichukua ile ya zamani kama sehemu ya malipo. Aliitazama, akaipiga piga mgongoni, akaifungia nyuma ya gari hata kabla ya kunywa kahawa. Nilipoiona inaondoka nilifikiri tu kwamba zamu ya Jumamosi ilikuwa ya mke wa mchungaji wa ng'ombe, na kwamba Papa Filipo atapata kesi.

Mashine moja ilikuwa ya kulala chini, ndefu, inateleza juu ya vyuma viwili, na ndani yake mfuko wa karatasi. Ukijaa, unautoa mzima na kuutupa, hugusi vumbi. Nyingine ilikuwa ya kusimama, nzito, na mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mpini na kufunguliwa kwa chini. Mfanyabiashara akamwaga majivu kwenye zulia. Kwa sababu ya yale ya jiko la moto niliruka nyuma, wakacheka. Kisha Madamu akaniambia nijaribu zote mbili, kwa kuwa ndimi nitakayesukuma.

Nilikuwa na ile ya kulala mkononi wakati Papa Filipo alipoingia na kahawa. Akapita nyuma yangu, akasimama kama anayepanga vikombe.

"Simeoni, usigeuke. Sikia tu," akasema chini chini. "Kitovu ya mutoto haiko."

"Haiko namna gani?"

"Imeanguka. Bibi yako Marta ametafuta mu nyumba yote, mu kitanda, mu kikwembe. Iko kwangu mu jikoni, analia. Anasema jana asubui ilikuwa ingali. Kisha alikuya huku kushona."

"Alikaa wapi?"

"Hapa penye umesimama. Na wewe njo ulipitisha mashine."

Vijana, niliogopa. Nimewahi kukutana na chui kwenye njia ya Mweso na sikuogopa vile. Kupitia dirishani niliiona kamionete, nyuma yake imefungwa kwa turubai, na ndani yake ile mashine, na ndani ya mashine kitovu cha mwanangu, tayari kwa safari ya Bukavu. Nikawaona wale wawili wa kwanza jinsi walivyokuwa wamefungwa sanda. Nikamwona Agata wa tatu.

"Simeoni," Madamu akaniita, "wewe naona nini? Moja ao mbili?"

"Ndiyo, Madamu."

"Ndiyo gani? Ile ya kulala ao ile ya kusimama?"

"Ndiyo, Madamu."

Alinitazama akadhani nasinzia. Mfanyabiashara akaendelea kuisifu ile ya karatasi, na Madamu alionekana kuipenda, kwa ajili ya chafya zake: vumbi linatupwa bila hata kuonekana. Mimi nilikuwa nasukuma tu, mbele, nyuma, mahali pale pale, na majivu yalikuwa yamekwisha zamani.

Mtaniuliza, kwa nini sikusema? Ningesema nini, na kwa nani? Mashine ilikuwa imekwisha kubadili mikono, haikuwa tena ya nyumba ile. Na habari za vitovu na migomba hatukuzisema mbele ya wazungu. Tulikuwa Wakristo, Agata alikuwa abatizwe karibuni, na niliogopa neno likifika kwa padri litafika likiwa limenenepa. Niliogopa kuchekwa pia. Kuchekwa na mtu anayekulipa ni jambo ambalo linakaa mwilini. Lakini zaidi ya yote niliogopa kwamba nikiomba, nikakataliwa, basi itakuwa nimemwua kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, angalau bado kuna tumaini kwamba kitaonekana kitandani. Mtu mwenye hofu anafikiri hivyo.

Papa Filipo akarudi kuchukua vikombe ambavyo havikuwa vimeguswa.

"Sema," akanong'ona.

"Niseme mutoto wangu iko mu mashine?"

"Muficha uchi hazai, Simeoni. Ile mutokari itaondoka. Inaogopa mvua."

Na kweli, mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Kirolirwe, na barabara ile ikilowa hapiti mtu. Mfanyabiashara akasema atamwachia Madamu ile ya karatasi, na kama haimpendezi ampelekee habari. Madamu akasema sawa, ingawa si kwa furaha. Mashine ya kusimama ikabebwa kurudishwa garini. Nikaibeba mimi. Nikaisukumiza chini ya turubai, na pale pale, karibu na mkono wangu, nikaiona ile ya zamani. Ingekuwa ni kufumba na kufumbua. Lakini mfuko wake ulikuwa umefungwa na kibanio cha chuma kilichoota kutu, ambacho kila Jumamosi tulikivuta watu wawili, na mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu na kamba mkononi. Akafunga turubai. Akapanda. Gari likawaka.

Halikwenda mbali. Njia ya kutoka nyumbani kwa Bwana Mabuti ilipita katikati ya mistari miwili ya miti, mtaro huku na mtaro kule, upana wa gari moja. Katikati ya njia hiyo alikuwa ameketi mwanamke mzee. Pembeni yake kikapu, juu ya mapaja yake mche wa mgomba umefungwa mizizi kwa majani mabichi. Marta alikuwa amesimama karibu naye, mtoto mgongoni. Alikuwa amekimbia kumpokea mama yake njiani na kumwambia, na mama yake hakuuliza swali lolote, alikaa tu chini, vile alivyokuja, na matope ya Buleusa miguuni.

Honi ikalia. Mzee hakusogea. Honi ikalia tena, Agata akaamka akalia.

"Huyu mama iko na shida gani?" mfanyabiashara akauliza kwa sauti kubwa, kichwa nje ya dirisha. Marta alikuwa anatikisa mgongo kumbembeleza mtoto. Madamu alikuwa ametoka barazani. Wachungaji walikuwa wamesimama kwenye ua. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Sasa eleweni nilivyokuwa. Kulifikia gari ilinipasa nishuke njia ile kumwelekea mama-mkwe wangu, uso kwa uso, mbele ya watu. Nilisimama. Nilitamani kusema, na nilitamani kukimbilia kwenye piretre nijifiche. Ndipo mama-mkwe akafanya jambo ambalo sijamwona mtu mwingine akilifanya. Akalegeza kikwembe chake cha juu, akajifunika kichwa na uso mzima, akainama juu ya ule mche. Nikasikia sauti yake kutoka chini ya nguo, akisema na Marta:

"Umuambie apite. Mi siko hapa."

Nikapita. Nilipofika garini nilimwambia kwanza Madamu, aliyekuwa amenifuata nyuma, kwa Kiswahili ambacho angekielewa.

"Madamu, kitovu ya mutoto wangu iko mu mashine ya zamani. Mu vumbi. Naomba tufungue."

Mfanyabiashara alicheka. Akasema mambo kwa Kifaransa, kisha akatuonea huruma akayasema kwa Kiswahili: mashine sasa ni yake, na hana muda wa kutafuta takataka za watu, mvua inakuja. Madamu hakucheka. Alimtazama Marta, akamtazama yule mtu aliyejifunika njiani, akapiga chafya moja.

"Mashine ni ya wewe," akamwambia. "Vumbi ni ya mimi. Fungua."

Kibanio tulikivuta wawili, mimi na Papa Filipo, kama Jumamosi nyingine yoyote, ila mikono yangu iliteleza kwa jasho. Marta akaleta ungo. Tukamwaga. Na hapo ikanibidi nigeuke, kwa kuwa mwenye kuupepeta ungo alikuwa mama-mkwe, na hawezi kupepeta akiwa amejifunika.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kuliko zote, na sikuiona. Nilisimama nimewapa mgongo, uso kwenye mti, nasikia tu ungo: chaa, chaa, chaa, kisha kimya anapochambua kwa vidole, kisha chaa, chaa. Upepo ulichukua ule unga ukawapelekea wote. Nilisikia Madamu anapiga chafya, mfanyabiashara anapiga chafya na kulaani, mpaka Agata akapiga chafya yake ndogo. Papa Filipo alisimama ubavuni pangu akawa macho yangu.

"Ametoa kifungo," akaninong'oneza. "Nyuzi. Nywele ya imbwa. Nyuzi tena."

"Kisha?"

"Sindano. Bahati hakujitoboa. Sasa anatafuta tu."

Ungo ukanyamaza. Nikasubiri uanze tena, haukuanza.

"Papa Filipo, nini?"

"Ametoa kitu. Keusi, kakavu."

"Njo yenyewe?"

Nikashika gome la mti kwa kucha.

"Ametoa mbili," akasema. "Zinafanana."

Nilisikia Marta akimwuliza mama yake, ni kipi, mama, ni kipi? Baadaye Papa Filipo aliniambia kwamba mzee aliviweka vyote kwenye kiganja, akavigeuza, akavinusa, akavisogeza kwenye mwanga. Kisha akachuma majani mawili, akafunga hiki peke yake na hiki peke yake, akavitia kifuani. Akasema na Marta, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia:

"Umuambie Baba Agata aende kutoa muche ingine mu shamba yake. Mi nilileta moja tu."

Papa Filipo alinisogelea zaidi. "Ile moja mi naijua," akasema. "Ni zabibu ya keki yangu ya juzi. Madamu aliangusha."

"Njo ya mutoto iko gani?"

"Hapo sasa sijui."

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumtumia mama-mkwe neno la zabibu.

Nimesahau kuwaambia habari ya mashine, na ndiyo mliyoniuliza. Kabla gari halijaondoka Madamu alimwita yule bwana. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa piretre, pua inatiririka. Akauliza, kati ya zile mbili, ni ipi ambayo mtu anaweza kuufungua mfuko wake nyumbani na kuona kilichoingia? Akajibiwa, ile ya kusimama. Akasema basi irudi hiyo, na ya karatasi iondoke. Hakunieleza sababu na sikuuliza. Ilikuwa nzito, bega langu linaijua mpaka leo, na kuvuta, niseme ukweli, haikuvuta kama ile nyingine. Lakini niliisukuma miaka mingi, na kila Jumamosi nilimwaga vumbi lake kwenye ungo na kulipitia kwa vidole kabla ya kumpa mwenye zamu.

Mama-mkwe alizika vyote viwili siku ile ile, mvua ikianza, kila kimoja na shimo lake. Mche wa Buleusa akaupanda huku, wa shamba langu akaupanda kule. Mimi nilikaa ndani na mlango umefungwa mpaka amalize. Aliporudi kwao hatukuwa tumetazamana hata mara moja, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Agata akikohoa, tulitoka nje kutazama migomba. Jani likinyauka, tulirudi ndani kumgusa mtoto kipaji cha uso. Alitambaa. Akasimama akishika mguu wa kiti. Siku mtoto alipotembea, Marta hakushangilia, alikaa chini akajifunika uso, nikamwacha.

Migomba ile imezaa, imekatwa, imechipua tena mara nisizoweza kusema. Agata mwenyewe ni nyanya sasa, habari ya zabibu niliwahi kumwambia, na akija kututembelea anamcheka mama yake. Kwa maana kule kwetu mlimani upepo ni mkali, na migomba ikiwa na mikungu inalala chini usipoiegemeza. Upepo ukianza, Marta anaacha chungu motoni na kutoka. "Mama, mmoja wapo ni wa keki," Agata anamwambia, "unajichosha bure." Marta anakwenda na miti miwili ya kuegemeza, anaisimamisha migomba yote miwili.